Barua kwa wifi yangu anayesafiri na watoto kwa ndege

Wifi yangu mpendwa,

Nimefurahi kusikia kwamba viza zimetoka na kwamba mwezi ujao utapanda ndege Entebbe na wanao wawili, kumfuata kaka yangu London kupitia Addis Ababa. Kilichonikosesha raha ni ule ushauri uliopewa na majirani pale Ntinda, eti mdogo umnyweshe dawa ya mafua ili alale hadi mfike. Nakuomba sana usifanye hivyo. Dawa za mafua zinazoleta usingizi hazifai kwa mtoto ambaye hajatimiza miaka 2, kwani zinaweza kumpunguzia pumzi, na ndani ya ndege hewa tayari ni nyepesi: presha yake huwa kama ya mtu aliyepanda mlima hadi mita 1,800 au 2,400. Tena wapo watoto ambao dawa hiyohiyo, badala ya kuwalaza, huwafanya wahangaike usiku kucha.

Mara nyingi kinachomliza mtoto ndegeni ni masikio. Nyuma ya ngoma ya sikio kuna hewa, nayo husawazishwa na hewa ya nje kupitia mrija unaofunguka mtu anapomeza. Mrija wa mtoto mchanga ni mwembamba kuliko wetu na huziba upesi akiwa na mafua. Ndege inapopaa, hewa hutoka bila taabu kubwa. Inaposhuka ndipo ngoma inaposukumwa ndani na maumivu kuanza. Kwa hiyo ujizuie kumshibisha mapema, umnyonyeshe pale mtakapotangaziwa kwamba ndege inaanza kushuka, kama nusu saa kabla ya kutua, na uendelee hadi magurudumu yaguse ardhi. Mkubwa mwamshe hata kama usingizi umemkolea, kwa sababu aliyelala hamezi mara kwa mara, kisha umpe maji ayanywe funda moja moja.

Zingatia pia kwamba uwanja wa Bole, Addis Ababa, uko kama mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na hali ya ndani ya ndege, hivyo mkitua huko huenda watoto wasilalamike kabisa. Utulivu huo usikudanganye. London iko chini, karibu na usawa wa bahari, na huko ndiko masikio yatakakojaribiwa, nanyi mtakuwa mmeshachoka.

Kuhusu kiti, mkubwa atalipiwa chake kwa kuwa ameshapita miaka 2, lakini mdogo anaruhusiwa kupakatwa. Kama kaka anaweza kuongeza fedha, ningependa naye apate kiti chake, afungwe katika kiti cha gari kinachokubaliwa na shirika lenu, maana ndege ikitikisika ghafla, mikono ya mama haina nguvu ya kumshika mtoto, hata mama awe na mapenzi kiasi gani. Ikishindikana, omba mapema kile kitanda kidogo kinachofungwa ukutani mbele ya viti, na uulize kinabeba kilo ngapi, kwani mtoto wa miezi 10 mwenye afya kama wako anaweza kuwa amekizidi. Hata humo, taa ya mikanda ikiwaka itabidi umtoe.

Chanjo ya homa ya manjano mpatie sasa. Hutolewa kuanzia miezi 9, na cheti huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano; mtakaporudi kutusalimu atakuwa ametimiza mwaka 1, umri ambao Uganda huanza kumdai msafiri cheti hicho. Mwambie pia kaka aandike barua ya ridhaa, aitie sahihi na kuambatisha nakala ya pasipoti yake, ili ukiulizwa mpakani kwa nini unasafiri na watoto bila baba yao, uwe na cha kuonyesha. Barua hiyo na vyeti vya kuzaliwa viweke kwenye mkoba utakaouvaa begani, wala si katika sanduku litakalopakiwa.

Wako,
Wifi yako, Kampala