Wanafunzi wafunzwe kukadiria idadi ya wanyama, si kukariri kanuni tupu

Mhariri,

Mwaka 2024 Shirika la Huduma za Wanyamapori (KWS) lilitangaza nia ya kuangamiza kunguru milioni 1 wa Kihindi kabla ya mwaka kwisha. Hapa Mombasa hakuna asiyewajua ndege hao. Hushinda majaani na jioni hujaa kwenye miembe yetu. Lakini muulize kijana aliyemaliza sekondari idadi ya kunguru hupatikanaje, na huenda akakosa la kusema, ilhali somo lenyewe limo katika Baiolojia ya Kidato cha Tatu, kwenye mada ya ikolojia. Tunaandika kwa sababu somo hilo linafundishwa nusu.

Nusu inayofundishwa ni kanuni. Chukua idadi ya walionaswa na kutiwa alama mara ya kwanza, zidisha kwa walionaswa mara ya pili, kisha gawanya kwa waliorudi wakiwa na alama. Kanuni hiyo huitwa kwa majina ya Petersen wa Denmark, aliyewatia samaki alama mwishoni mwa karne ya 19, na Lincoln wa Marekani, aliyeitumia kwa mabata mwaka 1930. Nusu inayoachwa ndiyo yenye kazi: jibu hilo linaweza kukosea kwa kiasi gani, na nini hulikosesha?

Walimu waanze na maharagwe. Kikombe kimoja cha chai cha maharagwe makavu kinatosha, kwani hutoa punje kama 300 hadi 400, na asizihesabu mtu. Zitiwe katika mfuko wa kitambaa. Chukueni punje 60, mzitie alama kwa kalamu ya wino mzito, mngoje zikauke, mzirudishe na kutikisa mfuko kwa dakika nzima. Dakika hiyo isifupishwe, maana punje zilizorudishwa hubaki juu, na mkono unaozamishwa juujuu utazizoa hizo hizo. Sasa kila kikundi kichote punje 50 bila kutazama, kihesabu zenye alama, kirudishe zote, na mfuko utikiswe tena kabla ya kikundi kinachofuata.

Kikundi kilichopata alama 8 kitajibu 375. Kilichopata 5 kitasema 600, na kilichopata 12 kitasema 250. Mfuko ni ule ule, na hakuna aliyekosea hesabu. Majibu yote yaandikwe ubaoni yakiwa yamepangana, kwa sababu mtawanyiko huo ndio somo, na mwanafunzi aliyeuona kwa macho hahitaji kuelezwa kwa maneno mengi maana ya makadirio.

Kisha wafundishwe marekebisho ya mwanatakwimu Chapman: ongeza 1 kwa kila idadi, fanya hesabu ile ile, halafu toa 1 kwenye jibu. Kwa alama 8 inakuwa 61 mara 51, gawanya kwa 9, toa 1, ambayo ni kama 345. Kanuni ya kawaida huelekea kuzidisha idadi pale alama zinazorudi ni chache, na marekebisho haya hupunguza kasoro hiyo. Hata hivyo, kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95, yaani upana unaotarajiwa kuishika idadi halisi kama mara 95 kati ya 100, jibu la 345 lina maana ya popote kati ya 165 na 525. Tieni alama punje 100 na mchote 100, na zikirudi 29 mtapata 339, kati ya 255 na 423. Upana wa makisio umepungua kwa zaidi ya nusu. Tunashauri kwamba alama zikirudi chini ya 7, darasa lisitangaze jibu bali liongeze sampuli. Mwishoni ndipo punje zihesabiwe moja moja.

Baada ya hapo uharibuni mfuko kwa makusudi. Futeni alama za punje 15 kati ya zile 60, na makadirio yatapanda kwa kama theluthi moja, ijapokuwa hakuna punje iliyoongezeka. Ndivyo inavyokuwa alama ikimtoka mnyama. Ongezeni punje 100 zisizo na alama, na jibu litakuwa la siku ya pili, ya kuchota, si la siku ya kwanza, ya kutia alama. Lakini mkiondoa theluthi moja ya punje bila kubagua zenye alama na zisizo nazo, jibu litabaki karibu na idadi ya siku ya kwanza, kana kwamba hakuna kilichotoka. Hili huwashangaza hata walimu. Sababu ni kwamba uwiano wa alama haukuguswa.

Mnyama anayefaa zaidi kwa wanafunzi wa Pwani ni tondo, yule kome mkubwa wa kwenye tope la mikoko. Hakimbii, haumi, na huonekana wazi maji yakipwa. Misitu ya mikoko iko chini ya serikali, kwa hiyo ruhusa ya Shirika la Huduma za Misitu (KFS) itafutwe mapema. Tazameni jedwali la maji la Mamlaka ya Bandari (KPA) mchague siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, ambapo maji hupwa sana kabla ya adhuhuri. Wanafunzi wavae viatu vilivyofungwa, na maji yakianza kujaa watoke bila kungoja, kwani ndani ya mikoko hujaa kimyakimya.

Kila tondo ageuzwe kwanza. Kombe lenye kifuniko mlangoni lina tondo mwenyewe, lakini lenye miguu limekaliwa na kaa, na hilo halihesabiwi. Futeni tope, kausheni kombe kwa kitambaa, tieni nukta moja ya rangi ya kucha, mngoje dakika 5, kisha mrudishe kila tondo pale pale alipookotwa. Kuwamwaga wote mahali pamoja huharibu kazi nzima, kwa sababu wao huenda polepole na hawatachanganyika na wenzao. Rangi isiwe nyekundu ya kung'aa. Jicho la mwanafunzi huvutwa na nukta nyekundu, ataokota wenye alama kuliko wengine, na idadi itashuka isivyo halali. Tieni rangi isiyojitokeza, upande wa chini, na watakaookota mara ya pili wawe kikundi kingine. Rudini baada ya siku 2, bamvua hilo hilo likiwa bado linaendelea.

Eneo lilo hilo lipimwe pia kwa kwadrati, yaani fremu ya mraba. Fremu ngumu ya paipu hukwama kwenye mizizi ya mikoko. Kamba ya mita 4 iliyofungwa fundo kila mita, na vigingi vinne, hupita popote. Pimeni pembe kwa pembe, na ikiwa si mita 1.41 mraba umepinda. Kosa kubwa tunaloliona ni la kurusha kwadrati nyuma ya bega na kudai imeangukia popote. Mrushaji huikwepa mizizi, na mkono wake una kikomo. Gawanyeni eneo, tuseme mita 40 kwa 25, kisha vuteni namba mbili kutoka kwenye kopo: moja ya urefu na moja ya upana. Tondo aliyelalia mstari wa juu au wa kushoto ahesabiwe. Wa chini na wa kulia aachwe.

Kwa mfano, kwadrati 20 zikitoa tondo 130, wastani ni 6.5 na eneo la mita za mraba 1,000 lina kama 6,500. Lakini tondo wakubwa hula majani ya mikoko yaliyoanguka na hukusanyika penye majani. Huenda kwadrati 11 zikawa tupu na moja ikawa na 48. Daftari lionyeshe kila kwadrati, si wastani peke yake. Na njia hizi mbili zikipishana sana, wanafunzi watafute sababu. Mara nyingine wadogo wamezama topeni.

Sasa turudi kwa kunguru. Huko mtu asimnase ndege. Kikundi kizunguke mti wanaolalia kuanzia saa kumi na moja jioni, kila mmoja apewe upande wake, ahesabu wanaoingia kwa upande huo tu, aondoe wanaotoka, na aandike kila baada ya dakika 10. Kundi likiwa kubwa, hesabuni 10, mkariri ukubwa wake kwa macho, kisha mwende kwa makumi. Pigeni picha na mhesabu ndege kwenye picha baadaye, kwani hapo mtajua jicho lenu hupunguza kwa kiasi gani. Hesabu hiyo ni ya mti huo pekee. Kuifikisha kwa mji mzima kunahitaji kujua miti mingine ya kulala ni mingapi, na hapo ndipo makisio mengi hukatika.

Kwa watunga mitihani, ombi letu ni moja: badala ya kutoa tarakimu tatu na kutaka ya nne, toeni maelezo ya sensa yenye kasoro, kisha mwulize makadirio yamezidi au yamepungua, na kwa nini.

Nanyi wahariri, sensa ya kitaifa ya 2021 iliporipotiwa, tarakimu iliyosambaa zaidi ni ndovu 36,280. Mnapochapisha idadi kama hiyo, tafadhali ongezeni sentensi mbili: walihesabiwa vipi, na makisio yanaweza kupanda au kushuka kwa kiasi gani. Tutazisoma darasani.

Walimu wa Baiolojia na Hesabu,
Kisauni, Mombasa