Magarini: Alhamisi tujitokeze

Hamjambo ndugu zangu wa Marafa, Gongoni, Adu, Garashi, Sabaki na Magarini wadi.

Uchaguzi mdogo wa ubunge wa Magarini, hapa Kilifi, ni Alhamisi hii, 27 Novemba 2025. Vituo vinafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni. Ukiwa kwenye foleni muda ukiisha, usiondoke, una haki ya kupiga kura.

Beba kitambulisho ulichojiandikisha nacho, chenyewe, si kopi wala picha ya simu.

Jamani, tumengoja sana. Mwaka jana, 2024, Mahakama ya Juu ilithibitisha kufutwa kwa uchaguzi wetu wa 2022. Katiba inataka kiti kijazwe ndani ya siku 90, lakini tume ya uchaguzi, IEBC, ilikaa bila makamishna hadi Julai mwaka huu. Muda wote huo bajeti zimepitishwa Bungeni na sisi hatuna sauti. Mimi linaniuma hilo, ndiyo maana nawasumbua kila siku.

Chaguzi ndogo watu huwa hawajitokezi, na hapo kura chache ndizo huamua. Kila mmoja aje na jirani. Wazee wa Adu wanaoishi mbali na kituo, nani ana boda au gari? Andikeni hapa leo. Tunabeba yeyote, hatuulizi chama.

Kura zikishahesabiwa, matokeo ya kituo, fomu 35A, hubandikwa mlangoni. Pigeni picha iliyo wazi mtume humu. Picha ya kura yako usipige, ni kosa.