Kliniki za leza ya macho zituambie yote

Mhariri,

Matangazo ya upasuaji wa macho kwa leza yanatuahidi kwamba tutaachana na miwani. Mimi ni dereva wa lori, Dar es Salaam hadi Tunduma, nilifanyiwa upasuaji huo, na kweli kesho yake nilisoma vibao vya barabarani bila miwani. Ila hakuna aliyeniambia kwamba usiku kila taa ya gari linalokuja ingezungukwa na duara la mwanga, wala kwamba nikiamka kope zingekwaruza jicho kwa ukavu. Konea, yaani sehemu angavu ya mbele ya jicho, inapokatwa, neva zake hukatika pia. Ukavu unaweza kudumu miezi. Matone tunanunua wenyewe.

Tunaoendesha usiku tuelezwe haya kabla hatujalipa, na tuambiwe wazi lini tunaweza kurudi kwenye usukani.

Dereva wa lori,
Mbagala, Dar es Salaam