Vuli Isiyo na Mvua

Leeds, Jumapili, 3 Novemba 2024

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza nikiwa kituo cha basi, nikaurudia mara tatu. Nimefurahi kusikia umeshapata kitanda hosteli na mwenzako wa chumbani ni mtu wa watu. Hela ya godoro nimemtumia shangazi yako jana. Mwache akununulie na akuletee mwenyewe, usiende kuzunguka Kariakoo peke yako jioni.

Sasa nije kwenye lile ulilolisema haraka haraka mwishoni, kama mtu anayeogopa kumkosea mzazi: "Mama, sura ya tatu umeandika vuli imeingia. Mbona mvua sikuiona?"

Hukunikosea. Swali lako limenifanya nikate kurasa kumi na moja za kitabu ninachokiandika, na ndiyo maana nakuandikia barua. Jibu lake haliingii kwenye simu.

Vuli niliiandika kwa mazoea. Huku mwezi wa tisa ukiisha majani yanabadilika rangi, na sisi tunaozungumza Kiswahili tunasema vuli kwa kuwa miezi inakaribiana. Watafsiri wengi nao hufanya hivyo. Lakini wewe umezaliwa Tanga. Vuli kwako ni mvua za Oktoba hadi Desemba, ni bibi yako kupanga ndoo chini ya mchirizi wa bati, ni mahindi ya haraka na kunde, ni ile harufu ya vumbi likipata tone la kwanza. Mtu wa Muheza akisoma "vuli imeingia" ataanza kutafuta jembe. Nitamwambia nini, wakati huku hakuna mvua ya kungojwa, na watu wameshavuna?

Nikajaribu demani. Babu mdogo, yule aliyekuwa akivua Sahare, alilipenda sana neno hilo. Upepo wa kusi ukilegea, bahari ikatulia, alisema demani imefika, na uso wake wote ulifunguka. Nikaliandika, nikalifuta usiku ule ule. Demani ina bahari ndani yake, na Leeds haina bahari. Redioni niliwahi kusikia "majira ya mapukutiko". Ni neno zuri, na linasema kweli kuhusu majani. Ila halikai mdomoni mwa msichana wangu wa kitabuni. Yeye ni mtoto wa manamba, amezaliwa kambini kwenye shamba la mkonge, ameletwa Yorkshire mwaka 1958 kuwa yaya wa watoto wa meneja. Angelitoa wapi neno la redioni? Yeye ana macho yake tu, na vitu alivyoviacha kwao.

Basi nikakaa jikoni na ile kaunta buku ya kwaya tatu uliyonipa siku naondoka, nikajiuliza: huyu mtoto akiona mti mzima umegeuka mwekundu, atakumbuka nini?

Atakumbuka mkungu.

Na wewe unaukumbuka, ule wa uani kwa bibi. Jani la mkungu halifi ghafla. Huanza kuiva pembeni, wekundu ukaingia ndani polepole kama chai inavyopanda kwenye andazi, na mshipa wa kati hubaki na kijani mpaka siku ya mwisho. Likianguka juu ya bati unalisikia, kwa sababu ni kubwa na zito. Ulikuwa unayaokota ukayafanya sahani za mchezo wa kupikapika, na kungu unazipasua kwa jiwe kwenye ngazi mpaka bibi yako akapiga kelele kwamba sakafu itatoboka. Mti wetu ule huvua nguo zake peke yake, miembe na minazi inayouzunguka ikiwa bado ya kijani. Huku ni kama mtaa mzima ni mikungu, na yote imekubaliana mwezi mmoja.

Nilipokwenda bustani ya Roundhay wiki iliyopita nilichukua jani moja nikalitazama kwa karibu, nikataka kujua linafanya nini hasa. Nikasoma. Siku zikifupika na baridi ikaanza, mti huacha kutengeneza ile rangi ya kijani inayonasa mwanga wa jua, na iliyokuwepo huvunjwavunjwa. Umanjano unaoonekana baadaye haukuja leo. Ulikuwemo ndani ya jani tangu lilipochipua, umefunikwa na kijani. Wekundu ni habari nyingine, huo mara nyingi mti huutengeneza upya siku hizi za mwisho. Na pale kikonyo kinaposhika tawi, mti huota utando wa kujiziba, ili jani likitoka pasibaki kidonda. Niliposoma hilo la kujiziba nilifunga simu, nikatembea mpaka ziwani. Nakwambia wewe kwa sababu umeshakuwa mkubwa: mwaka nilioondoka, wewe una miaka kumi na mitatu, mimi sikujua kujiziba. Nilitoka na kidonda kibichi, na nadhani nawe ulibaki na chako, na hatujawahi kukiongelea. Tutakiongelea nikija, inshallah.

Nirudi kwenye kitabu.

Zamu yangu unaijua, saa mbili usiku hadi saa mbili asubuhi, katika nyumba ya kulelea wazee. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Oktoba zamu hiyo ilikuwa ya saa kumi na tatu. Kila Jumapili ya mwisho ya Oktoba Uingereza nzima hurudisha saa nyuma. Ikifika saa nane usiku, inakuwa saa saba tena. Waliolala hawajui kitu, wanaamka tu na usingizi wa ziada. Ila sisi wa zamu tunaipitia saa ile mara mbili. Wewe nawe uliniongezekea umbali usiku huo huo. Tulikuwa tumepishana saa mbili, sasa ni tatu. Kwa hiyo ukinipigia saa mbili usiku, huku ni saa kumi na moja jioni, bado sijatoka nyumbani. Ndiyo saa nzuri.

Katika saa saba ile ya pili kuna bibi mmoja wa miaka 91 aliyekuwa macho. Nilimgeuza, nikampa maji, akanishika mkono akaniuliza natoka wapi. Nilishamwambia mara nyingi, lakini nikamwambia tena: Tanganyika, maana Tanzania huwa haimkai. Akasema, "Ah, kamba." Nikadhani anaota. Akasema tena, "Kamba yetu ya shambani ilitoka huko." Baba yake alikuwa mkulima huku huku Yorkshire. Wakati wa Vita ya Pili yeye ni mtoto, na kazi yake siku za kuvuna ngano ilikuwa kufuata mashine nyuma na kuisimamisha miganda, mmoja ukiegemea mwenzake. Mashine ndiyo iliyokata na kufunga, na ilifunga kwa kamba nyembamba ya manjano, inayochoma vidole. Alinionyesha kwa kidole gumba pale ilipokuwa inamkata. Pamepauka hadi leo, au mimi nilitaka paonekane pamepauka.

Mwanangu, ile kamba ni mkonge. Babu yako alikata mkonge.

Nilijua mkonge wetu ulikwenda Ulaya, kila mtoto wa Tanga anajua. Nilijua pia mmea wenyewe ni mgeni kwetu: Mjerumani Richard Hindorf ndiye aliyeuagiza mwaka 1893, ukasafirishwa kutoka Marekani, na miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Nilijua kwamba Wajapani walipoziteka Ufilipino na Java wakati wa vita, Waingereza waliutegemea zaidi mkonge wa Afrika Mashariki. Hayo yote yako shuleni. Ila sikuwahi kuufuata uzi mpaka mwisho wake, kwenye kidole cha mtoto wa Kiingereza anayesimamisha miganda. Babu yako alikuwa anatoka alfajiri na kisu, anakata jani chini, anaondoa ile ncha ya mwiba, anafunga matita, majani thelathini kwa tita, mpaka mikono inawasha kwa utomvu na hawezi kukushika. Kutoka hapo toroli mpaka korona, ile mashine ya kutoa singa, yaani nyuzi, kwenye jani; singa zinaanikwa, zinapigwa brashi, zinafungwa marobota, bandarini. Na huku ng'ambo mtu anafunga ngano yake kwa singa hizo, bila kumjua mfungaji wa kwanza.

Bibi alilala. Nilikuwa na mapumziko ya nusu saa, nikaandika nyuma ya karatasi ya ratiba kwa kuwa daftari lilikuwa nyumbani. Saa iliyorudi haikuwa ya mtu, nikaichukua.

Kwa hiyo sura ya tatu sasa imegeuka. Yaya wangu yuko shambani kwa ndugu wa meneja, watu wanavuna. Hajui jina la majira haya na hamuulizi mtu. Anaona mti wa kwanza umepata wekundu pembeni ya majani, anasema moyoni, mikungu yao imeanza. Halafu anainama kuokota kamba iliyodondoka kwenye mashine, anaipeleka puani. Nimeishia hapo. Sikuandika anachohisi. Nilikuwa nimekiandika kwa ukurasa mzima, nikakitoa. Wewe niambie kama umekipata bila mimi kukitaja.

Usifikiri kila siku ni hivyo. Siku nyingi naandika mistari minne nikiwa na sare ya kazi bado mwilini, nalala. Na siku zenyewe zimekuwa fupi mno. Leo adhuhuri iliingia kabla ya saa sita, alasiri saa nane hivi, na maghribi ni saa kumi na dakika ishirini na kitu. Mchana wote unaukunja kama leso. Babu yako hakuwa na saa, alipima kivuli chake kwa nyayo akajua wakati. Juzi jua lilitoka saa sita, nikasimama kwenye maegesho nikapima changu: nyayo kumi na nane, na ni mchana katikati! Kingekuwa kivuli cha Tanga, angesema jioni imeshaingia. Nitakitumia, ila sijui bado sura gani. Na nimeanza kuwaza kwamba vuli na kivuli ni maneno yanayosikika kama ndugu. Sijasema ni ndugu, hilo nawaachia wanaosomea lugha. Lakini sikio langu limeyaunganisha, na mwandishi hana chombo kingine zaidi ya sikio.

Umeniuliza pia kwa nini siandiki kwa Kiingereza, wakati naishi nacho. Watu wa huku huniuliza hivyo hivyo. Kiingereza nakitumia kwa dawa, kwa fomu, kwa kumwambia mzee ageuke upande wa kushoto. Nakiheshimu, kimetulisha. Lakini neno "manamba" nikiliandika kwa Kiingereza itabidi nilifungulie mabano, na babu yako hakuishi kwenye mabano. Kuna Tuzo ya Safal-Cornell, ilianza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, na inapokea miswada ya Kiswahili ambayo haijachapishwa. Nikimaliza nitaupeleka. Kwanza nimalize.

Sasa nina kazi mbili za kukupa, ukipata nafasi baina ya masomo.

Ya kwanza, mpigie bibi yako, siku ambayo hana haraka ya sokoni. Muulize babu yako alipaka nini mikononi akirudi kukata mkonge ili utomvu usimwashe. Nakumbuka ilikuwa kwenye kibati kidogo, nakumbuka harufu, jina limenipotea. Mwache aseme kwa maneno yake, urekodi, usimsahihishe. Na akianza habari nyingine kabisa, mwache pia.

Ya pili ni sura yenyewe, nimeiambatanisha. Isome ukiwa umeshiba na umelala vizuri, usinihurumie. Ukikuta neno vuli limebaki mahali ambapo mvua hainyeshi, likate, kisha niandikie ni ukurasa wa ngapi.

Hosteli ukilala ufunge dirisha, mbu wa Dar ni wengi kuliko wa kwetu. Msalimie mwenzako wa chumbani.

Mama yako