KUH: LENZI YENYE KUVU MLIYONIUZIA

Kwa Meneja,
Duka la Kamera za Mtumba,
Kisumu.

Bwana Meneja,

Salamu kwako na kwa wafanyakazi wako. Masharti yenu ya kurudisha bidhaa unayajua kuliko mimi, kwa hivyo sitakueleza. Lenzi ya milimita 50 niliyonunua kwenu, ambayo tangazo lenu lilisema "kioo safi, haina kuvu," ina kuvu. Nyuzi nyembamba zimetambaa kutoka ukingoni kuelekea katikati ya kioo cha ndani kama mizizi ya nyasi. Hilo si vumbi; vumbi halioti matawi, Bwana Meneja.

Nilipoirudisha, kijana wenu wa kaunta aliipumulia, akaifuta kwa fulana yake, akaniambia mbele ya wateja, "Mama, mtumba ni mtumba." Wakacheka.

Kabla ya hapo nilikuwa nimeitumia kwenye harusi, Dunga, jua la jioni likiwa upande wa ziwa. Kila picha niliyopiga kuelekea mwangani imefifia, weusi umekuwa kijivu. Wenye harusi wamenikata pesa, na siwalaumu. Fundi aliyeifungua anasema kuvu hilo si la juzi: limeshakula utando uliopakwa kwenye kioo. Dawa italiua na kulifuta, lakini utando ulioliwa haurudi. Kwa hiyo msinitumie ujumbe mwingine wa "lete tukusafishie".

Lakini nirudi kwa yule kijana, kwa sababu hasa ndiye aliyenifanya niandike. Nilifungua tundu la lenzi hadi mwisho, nikamulika tochi ya simu kwa nyuma, nikamwomba kwa upole achungulie upande wa mbele. Hakuchungulia. Alikuwa anasoma simu yake. Ndipo akaichukua kwa mkono mmoja, akapumulia kioo cha nje, nje kabisa, ilhali nimemwonyesha kwamba kuvu liko ndani, akafuta kwa pindo la fulana yenye jasho na kuiweka kaunta uso chini, bila kifuniko. "Mama, mtumba ni mtumba." Kisha akamgeukia mteja wa nyuma yangu, "Huyu anataka mpya kwa bei ya mitumba." Mimi nilitaka kile mlichotangaza, basi.

Na lile kabati lenu la vioo, lililoegemea ukuta wenye unyevu, halina hata pakiti moja ya silika ya kunyonya unyevu. Katika mji huu wa ziwani! Unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 70, gizani, kuvu hujiotea lenyewe. Mnalikuza, kisha mnaliuza.

Nilikusudia kudai shilingi 14,500 zangu tu. Sasa nadai pia 2,000 za fundi, pamoja na pesa nilizokatwa kwenye harusi, na yule kijana aniombe radhi kwa maandishi. Kifungu cha 46 cha Katiba kinanipa haki ya bidhaa yenye ubora unaostahili, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 ipo. Mahakama ya Madai Madogo hailazimishi mtu kuwa na wakili. Picha za lenzi ikiwa imemulikwa ninazo, risiti ya M-Pesa ninayo, na tangazo lenu nilihifadhi kabla hamjalifuta.

Nisipolipwa kufikia Ijumaa ijayo, msinipigie simu. Tutaonana mahakamani.

Wako,
Mpiga picha za harusi, Kisumu.