Barua kwa mwanangu: nani atawaambia mrudi nyumbani?

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka nyumbani. Sisi hatujambo. Mama yako goti humsumbua asubuhi tu, akishaota jua linatulia.

Dada yako amenichezea ule ujumbe wa sauti uliotuma kwenye kundi la familia. Nimeusikiliza mara mbili. Unasema chama kimekuteua uwe wakala wake kituoni, wa kulinda kura, kwenye uchaguzi wa Agosti 2027, na hapo nilifurahi, sikufichi, hata jirani nilimwambia. Kisha ukamalizia: "Mara hii tukiibiwa, hatuendi kortini." Mara ya pili nilikuwa nasikiliza kama ulicheka uliposema hivyo. Hukucheka.

Habari ya lori la Januari 2008, wakati wa zile ghasia za baada ya uchaguzi, siirudii, ulikuwemo. Nauliza kitu kimoja tu: nani atawaambia mrudi nyumbani?

Usinijibu haraka. Miaka yote hii upinzani ulikuwa na mtu mmoja, Raila Odinga, ambaye akisema ingieni barabarani mnaingia, akisema tokeni mnatoka, hata kama ni kwa kunung'unika. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ilitupa kesi yake ya kupinga matokeo ya urais, akasema hakubaliani na uamuzi lakini anauheshimu. Mwaka 2017 kesi akaishinda, uchaguzi ukafutwa tarehe 1 Septemba, akasusia ule wa marudio wa Oktoba, na tarehe 30 Januari 2018 akala kiapo Uhuru Park kama "rais wa wananchi". Ulikuwepo, na sisi ukatuambia uko maktaba. Siku 38 baadaye alikuwa nje ya Harambee House, ofisi ya rais, anampa mkono Uhuru Kenyatta, yule yule aliyekuwa akimkataa. Wewe mwaka mzima hukunisamehe kwa kukwambia mapema kwamba yataishia hivyo. Mwaka 2022 kortini tena, majaji wote saba wakamkatalia, akalalamika, akaenda kwake.

Sasa Raila amelala kaburini Bondo tangu Oktoba 2025. Wewe ulimpenda, mimi nilimlaumu sana, mengine kwa haki na mengine kwa ukaidi wangu. Lakini breki ilikuwa yeye. Hao mnaowafuata leo ni wangapi, na kila mmoja ana kipaza sauti chake? Mmoja akisema rudini, mwingine akisema songeni mbele, utamsikiliza nani? Na ukiwa umeshafika mbele, hiyo sauti ya kukurudisha itakufikiaje?

Najua utasema korti ni ya wakubwa. Zamani ningekubaliana nawe. Kibaki mwenyewe alipopinga ushindi wa Moi wa 1997, kesi yake ilitupwa kwa sababu eti hakumkabidhi Moi karatasi mkononi. Rais analindwa na askari, nani atamfikia na bahasha? Kwa hiyo wapinzani waliposema 2007 hawaendi kortini, sikuwashangaa. Tukazika watu zaidi ya 1,100. Katiba ya 2010 ndiyo iliyobadilisha jambo hilo: siku saba za kupeleka kesi, siku 14 za majaji kuamua. Jumla 21. Kuku huatamia siku hizo hizo, na mama yako humngoja bila kuvunja yai kuangalia kama kuna kifaranga.

Kama kazi yako ni ya wakala, basi iwe ya wakala. Fomu 34A, ile ya matokeo ya kura za urais kituoni, usiitie sahihi kabla nambari zote hazijajazwa na hujazisoma kwa sauti, moja baada ya nyingine. Ipige picha. Beba chakula, tena kingi, maana njaa ya saa nane usiku hutia sahihi chochote. Namjua wakala mmoja wa 2007. Karabai ilikuwa inazimikazimika, mkewe alishapiga simu mara tatu, akatia sahihi karatasi iliyokuwa na safu moja tupu, akaenda kula. Siku tatu baadaye hakuna aliyemshinda kwa kupiga kelele kwamba kura zimeibwa. Chakula chenyewe kilikuwa maharagwe, yameshapoa.

Mwaka 2022 tume ya uchaguzi ilipoweka fomu za vituo zaidi ya 46,000 kwenye tovuti yake, nilizifungua za wadi yetu kwa ile simu yako ya zamani, nikajumlisha nyuma ya daftari la maziwa. Nilikuwa nautafuta wizi, nakwambia ukweli. Hapa kwetu sikuuona. Mama yako aliniuliza nilikuwa wapi na bidii hiyo miaka 15 iliyopita, nikajifanya sijasikia.

Sikukatazi siasa. Umesoma, unaongea vizuri kuliko mimi, na watu wanakusikiliza, na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Mtu asiyesikilizwa akisema "hatuendi kortini" ni maneno tu. Wewe ukisema, kuna kijana mtaani kwenu anaingia dukani kununua mafuta ya taa. Ukishamtuma huyo, nani atamwambia arudi? Wewe? Uko tayari kusimama mbele yake umwambie tumeshindwa, twende nyumbani? Hilo ndilo nataka unijibu, kwa simu, si kwenye kundi. Shangazi zako wanasoma kila kitu.

Karo ya dada yako imebaki nusu. Nimeongea na mwalimu, amekubali tulipe kidogo kidogo. Usitume kitu mwezi huu kama kodi ya nyumba inakubana, lakini usiseme imekubana halafu nikuone kwenye picha una fulana mpya ya chama. Ng'ombe anazaa wiki ijayo tukijaliwa. Lango bado limelegea upande wa chini, nimelifunga kwa waya.

Tena, ile chaja nyeusi uliyobeba Krismasi ni ya dada yako. Anaitaka.

Ni mimi,
Baba yako