Toleo la Kijapani nalo lina jasho lake

Mhariri,

Msomaji wenu mmoja aliandika kwamba wanamuziki wa Korea Kusini wanaporekodi upya nyimbo zao kwa Kijapani wanasaka fedha tu. Sikubaliani naye. Biashara ipo, Japani ni soko la pili la muziki duniani. Lakini asikilize "I Am the Best" ya mwaka 2011 ya 2NE1, kundi la akina dada wanne wa Korea Kusini, kisha toleo la Kijapani lililotoka Septemba mwaka huohuo.

Mimi nafundisha kwaya, kwa hiyo masikio yangu hukimbilia silabi. Kikorea hufunga silabi nyingi kwa konsonanti. Sauti inakatika ghafla, na majigambo ya wimbo ule yanatua kama ngumi mezani. Kijapani, kama Kiswahili chetu, hupenda kuishia na irabu. Mdundo ni uleule, kasi ileile, ila akina dada wale wanne inawabidi watafute ukali kwingine, kwenye pumzi na kwenye namna ya kuuingia mstari. CL, kiongozi wa kundi, anaupata, tena bila kusita hata kidogo! Hiyo ni kazi ngumu ya koo.

Naomba safu yenu ya muziki iyachambue matoleo haya kwa uimbaji wake.

Mwalimu wa kwaya